Toleo la kwanza la Racing Post, Aprili 1986: mliokuwepo, tupeane uzoefu

BintiKisauni
Salaam wakubwa. Juzi tulikuwa tunapekua sanduku la bati la marehemu baba. Alikuwa baharia, na meli zao zilikuwa zikitia nanga Tilbury, Uingereza, mara kwa mara. Chini kabisa, chini ya koti lake la baridi, tumekuta gazeti la mbio za farasi limetandikwa: Racing Post, tarehe 15 Aprili 1986, toleo la kwanza. Baba hakuwahi kututajia farasi hata siku moja. Kuna jina amelizungushia penseli, nondo wamelila nusu, na pembeni ameandika "2 e.w." na chini yake "4.40". Naomba mliokuwa Uingereza wakati ule mnieleze. Gazeti lilipokelewaje? Mtu kama baba alilinunua kwa nini? Na maandishi haya ni nini?

SaisiMstaafu
Binti, pole kwa mzee. Umenirudisha mbali sana.

Mimi nilikuwa saisi Ngong, Nairobi, kisha tajiri mmoja akanichukua kwenda naye Newmarket, mji wa farasi wa mbio kule Uingereza. Tarehe ile siwezi kuisahau kwa sababu ya jioni iliyotangulia. Tulikuwa kwenye kazi za jioni, natandaza majani makavu, mara mbingu zikaanza kunguruma. Ndege za Marekani zilikuwa zinaruka kutoka Lakenheath na Mildenhall, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Zilipita moja baada ya nyingine. Jike niliyekuwa namtunza alitoka jasho mpaka povu, nikakaa naye nikimshika hatamu na kumwimbia kwa Kiswahili, maana ndiyo sauti yangu aliyoizoea. Asubuhi tukasikia kwamba zilikwenda kuipiga Libya. Basi asubuhi hiyo hiyo mezani tunapokunywa chai pakawa na magazeti mawili ya farasi badala ya moja.

Muelewe, Sporting Life, lile gazeti la zamani, lilikuwepo tangu 1859. Babu zao walilisoma. Kwa hiyo hilo jipya watu walilishika kama unavyomshika mtoto wa mgeni. Kitu cha kwanza kila saisi alichofanya ni kumtafuta farasi wake mwenyewe: jina limeandikwa sawa? Uzito sawa? Wakashangaa kwamba kila kitu kipo sawa. Lakini mimi niliona pengo lile lile la magazeti yote. Mwenye farasi katajwa, mkufunzi katajwa, joki anayempanda katajwa. Aliyekesha na farasi hatajwi.

Mama Nuru
Hapo kwa saisi umesema kweli tupu.

Mkongwe wa Leicester
Nilikuwepo. Wazee tuliokuwa nao kiwandani walilikataa kata kata mwanzoni, na hoja yao ilikuwa moja: lilianzishwa na Sheikh Mohammed wa Dubai, na yeye ni mwenye farasi. Mwaka mmoja tu nyuma jike wake Oh So Sharp alikuwa ametwaa mbio tatu kubwa, 1,000 Guineas, Oaks na St Leger. Wakauliza, mwenye timu anawezaje kumiliki gazeti la kuandika habari za ligi? Mimi nililinunua kila siku kwa mwezi mzima, nikilikagua kwa kalamu nyekundu kuona kama farasi wake wanapendelewa. Sikuona upendeleo. Nikalihamia.

Pweza
Mkongwe, mbona hao wazee hawakuuliza swali hilo hilo kuhusu Sporting Life? Kampuni yake ilikuwa mikononi mwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti. Mwarabu akimiliki ndiyo nongwa?

Mkongwe wa Leicester
Maxwell hakuwa na zizi Newmarket. Usinitie maneno mdomoni. Nimesema walivyosema wao.

Pweza
Na mimi nimesema ninavyoona mimi. Tena Sporting Life lenyewe limezikwa 1998, jipya likabaki. Soko limeamua.

Mkongwe wa Leicester
Kufa kwa mzee si ushahidi kwamba alikuwa mjinga. Nililia siku ile.

Chozi la Mnazi
Jamani mtoto wa watu kauliza maandishi. 4.40 ni saa ya mbio, binti. Saa kumi na dakika arobaini jioni. Kwa herufi za pembeni ya jina: C maana yake farasi ameshawahi kushinda uwanja huo, D ameshawahi kushinda masafa hayo, BF mara ya mwisho alipigiwa upatu akaangusha watu. Tarakimu zilizotangulia jina ni nafasi alizomaliza, ya mwisho kulia ndiyo ya karibuni. 0 ni kwamba hakuingia tisa bora. F alianguka, P alisimamishwa njiani, U alimwangusha joki. Uzito huandikwa kwa stoni na ratili. Ukishajua hayo unasoma gazeti lolote la farasi kuanzia Epsom mpaka Ngong.

Babu wa Brixton
Nimesoma hapa tangu alfajiri, nimeshindwa kunyamaza. Jambo hili nimelisema mara moja tu maishani.

Kabla ya gazeti lile nilikuwa mtu wa pauni moja Jumamosi. Lilipotoka nikapata ugonjwa wa kusoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini tarakimu hazina lugha. Nililala na gazeti, nikaamka nalo, nikaandika daftari zima. Siku mbili baada ya toleo la kwanza farasi Dancing Brave akashinda mbio za Craven Stakes pale Newmarket, kisha akashinda 2,000 Guineas. Nilikuwa nimemwandika daftarini kabla ya zote mbili. Nikajiona mwanachuoni.

Wakati huo tulikuwa na upatu, watu 12 wa pwani, pauni 20 kila mwezi. Mweka fedha mimi. Zamu ya Juni ilikuwa ya dada mmoja wa Lamu, naye alikuwa akimsubiri mwanawe aje kwa ndege. Pauni 240 zilikuwa chini ya godoro langu.

Jumatano ya Derby, mbio kubwa za Epsom, tarehe 4 Juni, niliingia duka la kubeti na pauni 220. Mia mbili za dau kwa Dancing Brave, 20 za kodi. Enzi zile duka lilikata asilimia 10, ukichagua kulipa kabla basi ushindi wako haukatwi. Nililipa kabla, kwa uhakika niliokuwa nao. Ruhusa ya kuweka televisheni madukani ilikuwa imetoka Machi ile ile. Ningekuwa mwaka mmoja nyuma ningesikia kwa spika tu. Mungu alitaka nione kwa macho.

Wakashuka kona ya Tattenham, farasi wangu yuko nyuma kule, nyuma kabisa. Nikasema joki amelala. Kisha akamtoa pembeni, na yule mnyama akaanza kuruka. Sijaona kitu kinachokwenda vile tangu nizaliwe. Aliwapita kama wamesimama, mmoja, mwingine, mwingine. Duka zima liko juu ya viti. Shahrastani mbele, Dancing Brave anakuja, anakuja, na mstari ukafika kwanza. Kashindwa kwa nusu urefu wa farasi.

Nilitoka nje nikakaa ukingo wa barabara. Mvua au jua, sikumbuki. Nilikumbuka ndege ya yule mtoto.

Kulikuwa na mzee mmoja Ismailia, mtu wa Dar es Salaam, mwenye duka la vyakula mtaa wa pili. Shahrastani alikuwa farasi wa Aga Khan, imamu wao, kwa hiyo siku ile mzee alikuwa anagawa peremende kwa kila anayeingia, na yeye hakubeti hata senti. Nilipoingia akanipa peremende. Nikaishika mkononi nikashindwa kuila. Akafunga mlango, akaniuliza kwa Kiswahili cha Kariakoo, "Nani kafa?" Nikamwambia yote. Akahesabu pauni 220 kutoka kwenye droo, akasema, "Ishirini kila Ijumaa." Wiki 11. Sikukosa hata moja, wala hakumwambia mtu.

Gazeti halikuwa na kosa. Liliniambia farasi ni bora, na Oktoba akaenda Paris akashinda mbio kubwa za Arc. Aliyeiba ni mimi.

Mama Nuru
Subhanallah. Mikono inanitetemeka.

Pweza
Mzee, yule dada alijua?

Babu wa Brixton
Nilimwambia 2001, kwenye harusi ya huyo mtoto. Alininunia miezi sita. Haki yake.

Zuhura wa Tandika
Mimi samahani, siwezi kupiga makofi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Kuna mwenzetu alifanya hivyo hivyo kwa mikeka ya mpira kwenye simu, na sisi hatukuwa na mzee wa peremende. Watoto wawili walikosa ada. Hadithi ikiishia vizuri watu wanasahau kwamba ilikuwa wizi.

Babu wa Brixton
Mwanangu, sijasahau siku moja. Pigilia hapo hapo.

Msomi wa Barza
Kamari ni haramu, Surat al-Maida aya ya 90 iko wazi. Naomba mjadala ufungwe.

MpembaDubai
Ustadh, kamari ndiyo iliyokatazwa, si kushindanisha farasi. Huku tulipo Dubai World Cup inakimbizwa tangu 1996, mwaka ule alishinda farasi Cigar wa Marekani, na hakuna dau linalopokelewa uwanjani. Watu hujaza kadi ya kubashiri bure, ukipatia unapewa zawadi. Mimi nasoma Racing Post kwenye simu kila Ijumaa na sijawahi kuweka hata dirhamu. Nasoma nasaba: nani baba wa nani, nani mama wa nani. Ni kama kusikiliza wazee wakihesabu koo za Wete.

Msomi wa Barza
Mlango wa haramu hufungwa mbali.

MpembaDubai
Basi mlango wangu niachie niufunge mwenyewe, ustadh wangu.

Ngong Jumapili
Sisi Nairobi tulikuwa tunapata Racing Post kwa rafiki mfanyakazi wa ndege, limechelewa siku tatu au nne, mbio zote zimeshakwisha. Tulilisoma hata hivyo. Tulikuwa tunaficha matokeo kwa kiganja, tunabishana nani atashinda, kisha tunafungua. Tukirudi Ngong Jumapili na kadi yetu ya mbio ya kurasa chache tulikuwa tunajiuliza lini farasi wa kwetu nao wataandikwa vile, mpaka mwendo wao wa miaka mitatu nyuma. Ushauri wangu: angalia hali ya uwanja kwanza, mengine baadaye. Mvua ikinyesha, daftari lako la jana ni karatasi ya maandazi.

Chozi la Mnazi
Mimi nashauri kinyume. Angalia uzito. Farasi aliyepunguziwa ratili saba haogopi tope.

Ngong Jumapili
Ndiyo maana unapanda daladala mpaka leo.

Mama Nuru
BintiKisauni, hilo gazeti litie kwenye nailoni na karafuu, nondo hawasogei.

SaisiMstaafu
Si nailoni, mama. Kwa joto la Mombasa litatoa jasho, litaoza. Bahasha ya karatasi, lilale bapa, mbali na ukuta. Karafuu sawa, lakini zisiguse wino.

Babu wa Brixton
Binti, nimerudi kwa ajili yako. 4.40 si saa. Chozi, nisamehe kukusahihisha. "2 e.w." maana yake pauni mbili farasi ashinde na pauni mbili aingie katika nafasi za mbele. Jumla nne. Kodi ya asilimia 10 juu ya nne ni senti 40. Baba yako alipiga hesabu ya kulipa kodi kabla, kama mimi. Ni mtu aliyekuwa na imani, lakini alikata dau katikati ili asirudi melini mikono mitupu.

Chozi la Mnazi
Nimekubali. Hesabu hiyo haina mjadala.

BintiKisauni
Nimemsomea mama maneno ya Babu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema safari ile baba alirudi na charahani. Ndiyo aliyotushonea sare za shule sote watano. Alimwambia ameipata kwa mtu, basi. Sasa mama anataka kujua jina la farasi. Zimebaki herufi tatu za mwisho, na mbele kuna tarakimu 0 na 2.

SaisiMstaafu
Usilikunjue kwa nguvu. Liegemeze kwenye kioo cha dirisha asubuhi jua likiwa nyuma yake, wino wa upande wa pili utajitenga, kisha piga picha ukurasa mzima, na pale palipoandikwa uwanja na masafa. Nitumie. Wiki ile nilikuwa Newmarket na nyumbani bado ninayo daftari yangu.

BintiKisauni
Nimekutumia, mzee wangu. Mama kakaa hapa kando, kavaa miwani, anasubiri.