Sare za ngoma za watu sita kwa 60,000: kitenge, likra, mitumba au kanga?

Binti_wa_Tandika
Wadau, habari za leo. Kikundi chetu ni wasichana sita, tunacheza kwenye sherehe huku Temeke: sindimba, mdundiko, na singeli watu wakishachangamka. Tumechanga 60,000 kwa sare zote. Mara iliyopita tulimpelekea fundi vitambaa wiki tatu kabla, na siku ya harusi sketi mbili hazijapindwa, tukacheza zimebanwa na pini. Safari hii nashona mwenyewe. Nina cherehani ya mama, inashona mshono ulionyooka tu. Niko njia panda: sketi za duara za kitenge, likra ya Kariakoo, au mitumba ya Karume niigeuze?

MamaShanga
Mwanangu, likra iache kwanza. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, kwa hiyo mshono ulionyooka unakatika. Likra inataka zigizaga na sindano ya ncha butu. Nilimshonea binti yangu taiti kwa cherehani kama hiyo yako. Alipochuchumaa tu kwenye sindimba, katikati ikaachia. Akamaliza ngoma amejifunga kanga ya shangazi yake. Nilijisikia vibaya mno. Taiti nunueni zilizoshonwa tayari, mzivae ndani, nguvu yako uimalizie kwenye sketi.

Kaka_Uzi
Nashona Mbagala, naunga mkono maneno ya mama. Kitenge nacho piga hesabu kabla hujatia mkasi. Kwa kuwa mtavaa lasitiki, tundu la juu lazima lipite nyonga, usipime kiuno. Tuseme nyonga inchi 38.

Duara zima: 38 gawanya kwa 6.28, unapata kama inchi 6. Ongeza urefu wa sketi inchi 20, jumla 26. Unakata nusu mbili, kila moja inchi 52, zikifuatana kwenye kitambaa cha upana wa inchi 45. Hiyo ni inchi 104, yaani yadi 3 kwa mtu mmoja, tena sketi yenyewe fupi.

Nusu duara: 38 gawanya kwa 3.14, inchi 12. Ongeza urefu 23, jumla 35. Inatoka kwenye yadi 2, na pembeni unabakiwa na ukanda wa inchi 10 wa kushonea mkanda wa kupitishia lasitiki. Watu sita, yadi 12. Ukizunguka inafunguka vizuri tu.

Binti_wa_Tandika
Kaka ahsante sana, hiyo ya nyonga sikuijua, ningekata kwa kiuno zisipite. Ila yadi 12 na taiti sita, 60,000 haifiki, na bado blauzi.

Mcheza_Mdundiko
Dada, mbona mnairuka kanga? Sisi Wazaramo ngoma yetu ni kanga tangu zamani, na kwa mchezo wa kiuno hakuna kinachopendeza kuliko pindo likitikisika.

Kanga moja ina urefu wa mita 1 na nusu hivi na upana kama sentimita 110. Ikate katikati kwa urefu wake. Unapata vipande viwili vya sentimita 55, kila kimoja kina pindo kwenye upande mmoja mrefu. Ule upande mrefu ni ukingo wa kiwandani, hauchambuki, kwa hiyo upindo wa chini hushoni kabisa! Unaunga ubavu mmoja, unakunja juu inchi moja na nusu, unapitisha lasitiki. Basi. Doti moja inatoa sketi nne, doti mbili zinawatosha sita na kanga moja inabaki ya vilemba.

Angalizo moja: kipande cha juu utakigeuza kichwa chini ili pindo lake liwe chini. Chagua kanga ambayo maua ya mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, hayana juu wala chini.

MamaShanga
Umenena, baba. Zifue kwanza, wanga utoke na zirudi kama ni za kurudi. Nyekundu ipanguse kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikiacha rangi, itawachafua mkitoka jasho.

Kaka_Uzi
Kanga naikubali kwa sindimba na mdundiko. Lakini marinda ya mita 1 na nusu kwenye nyonga ya 38 ni machache, mkizunguka kwa kasi hayafunguki kama nusu duara. Kama mizunguko ni mingi, ningebaki na kitenge. Lasitiki chukua ya upana wa inchi moja, nyembamba inajikunja. Kata pungufu ya kiuno kwa inchi 2 au 3, ncha zipandane inchi moja, kisha kila mtu arukeruke nayo kabla hujafunga mshono.

DadaKarume
Juu vaeni fulana kubwa za kiume za mitumba, rangi moja. Wahini asubuhi bando zikifunguliwa. Fulana haichambuki, unakata shingo na mikono bila kupinda.

Binti_wa_Tandika
Tumekwenda na kanga, mizunguko yetu si mingi. Jana nimekata ya kwanza na kuunga ubavu, mdogo wangu kaivaa akaikatikia sebuleni, pindo limetulia vizuri mno. Kumbe jina la kanga linabaki kwenye kipande cha chini tu, hivyo sketi tatu zina jina na tatu hazina. Tumekubaliana wenye jina wakae mstari wa mbele.