Mwaka mzima anasoma "ubunifu wa ndani", hajawahi kushika futi ya kupimia

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mtanisamehe uandishi.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya binafsi hapa Dar. Jina lake silitaji, mtoto bado yuko mikononi mwao. Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 na habari za mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kila shule inataka ionekane inafundisha ujuzi. Ya kwetu ikaja na somo lake la ziada, ubunifu wa mandhari ya ndani ya nyumba. Kwenye kikao cha wazazi nilipiga makofi kuliko wote, maana ndiyo kazi inayonilisha: jipsamu, skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi), rangi, marumaru, mwaka wa 14 huu. Mchango wa vifaa elfu 60, nikalipa siku hiyohiyo.

Jumapili iliyopita nikamwambia, mama, hebu nipimie sebule uichore, tuone kochi litakaa wapi. Nikampa futi. Sebule yetu ni mita 3.6 kwa 3. Akaandika sentimita 142 kwa 118. Alikuwa anasoma upande wa inchi! Mita moja na nusu haikai hata kitanda, na yeye hakushtuka.

Nikaomba daftari. Maana ya ubunifu. Umuhimu wa ubunifu, nukta saba. Rangi za joto na rangi za baridi. Halafu picha alizoambiwa azibandike: sebule yenye sehemu ya kuota moto. Jamani, kuota moto, Mbagala! Pembeni kaandika kwamba mapazia mazito ya tabaka mbili "huhifadhi joto ndani". Joto la Desemba tulihifadhi tulipeleke wapi? Dirisha likae upande gani upepo upite, hakuna hata mstari. Na elfu 60 yangu imekuwa manila, gundi na maboksi ya viatu yaliyovishwa vitambaa.

Hili somo halitaki maboksi. Linataka futi, rula na penseli. Kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50 za kweli, sebule yangu inakuwa sentimita 7.2 kwa 6, inaenea kwenye ukurasa wa daftari. Kochi la mita 2.2 unalikata la karatasi, sentimita 4.4, unalisogeza huku na huku mpaka uone pa kupita. Kuna mteja wangu Tabata alinunua kochi Keko, zuri kweli, lina kina cha sentimita 95 na kimo cha 90. Mlango wake 80. Tuling'oa fremu. Angekuwa na mtoto anayejua kupima, angeokoa pesa ya fremu, plasta na rangi.

Au marumaru. Za sentimita 40 kwa 40, sebule ya mita za mraba 10.8, zinaingia 67 na nusu. Ongeza za kukata na kuvunjika, chukua 75. Hii ndiyo hesabu ya eneo wanayoikimbia darasani.

Wakitaka historia ipo pia, wala si ya Ulaya. Nyumba za zamani za mawe, Lamu na Unguja, vyumba vyake virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka chumba kipana. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinapamba na kuwekea vitu. Hapo mtoto anaelewa kwamba umbo la chumba lina sababu.

Nikaenda shuleni. Mwalimu mwenyewe sina ugomvi naye, kijana mstaarabu. Ni wa Jiografia, kabebeshwa somo kwa kuwa ana vipindi vichache. Nikapanda kwa mkuu wa taaluma. Nikamwambia nitakuja Jumamosi bure, na watoto nitawapeleka Goba kwenye nyumba tunayopiga skimu. Akasema, "Mzee, tunahitaji mtu mwenye sifa za kitaaluma." Nikatoa cheti changu cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi, nilichokipata kwa urasimishaji ujuzi, yaani kupimwa ujuzi nilioupata kazini. Akakigeuza nyuma kama anatafuta bei, akanirudishia.

Nimefika mlangoni, ananiita: "Fundi, hivi huu ukuta wangu unabanduka kwa nini?"

Nilimjibu, ndivyo nilivyolelewa. Unyevu unapanda kutoka chini, wamepaka rangi juu yake bila kuutibu. Hilo nalo lingetosha kipindi kizima.

Sasa wametuma ujumbe, elfu 60 nyingine ya muhula ujao. Wenye watoto shule nyingine, kwenu somo kama hili linafundishwa na nani? Na hii hela niilipe, au nimnunulie binti futi yake na rula ya skeli awe ananifuata saiti Jumamosi?