Mama anakufa, Barry analia, yeye anatuletea KABALAGALA

Mwendokasi_Arua

Banange, nimetoka kusikiliza sasa hivi kazi mpya ya vijei mmoja, wale watu wanaotafsiri filamu kwa kuongea juu yake, na mikono bado inatetemeka. Jina sitaji wala hamlihitaji. Sauti yake mnaijua: ile inayokohoa mara tatu kabla filamu haijaanza, halafu inasalimia kila fundi simu kutoka Busia mpaka Kasese.

Safari hii ametia sauti The Flash ya televisheni, ile ya Barry, shujaa mwenye mbio za ajabu, msimu wa 1, kipindi cha 23. Kipindi KILE. Barry amekimbia akarudi mwaka 2000, usiku mamake alipouawa. Anafika, anajibanza nyuma ya mlango, anamwona yeye mwenyewe wa miaka ya mbele akimpungia mkono: usiingilie. Basi anabaki palepale, anasikia mamake akichomwa kisu, hafanyi kitu. Kisha anatoka, anapiga magoti, anavua kinyago na kumwambia mama, ni mimi, mwanao. Hapo Grant Gustin, anayemwigiza Barry, hana radi za kompyuta wala hakimbii popote. Ana uso tu. Kidevu kinamcheza, macho yamejaa, na bado anajitahidi kutabasamu ili mama afe akiwa ametulia.

Na hapo, HAPO, kabla mama hajafumba macho, jamaa anapasuka kwenye maikrofoni: "Mtazameni, analia kama mtoto aliyenyimwa kabalagala! Ndiyo maana filamu kubwa walimnyima, huyu ni saizi ya televisheni!"

Kabalagala! Vile vitumbua vya ndizi! Mama ana kisu kifuani!

Saizi ya televisheni maana yake nini? Mtu amevaa nguo nyekundu misimu 9, 2014 hadi 2023, vipindi 184. Machozi aliyomwaga yangeongeza kina cha Ziwa Kyoga. Filamu ya The Flash ilipotoka Juni 2023 hawakumpa hata sekunde moja, na kwenye ile sehemu ya dunia nyingi kugongana walimfufua kwa kompyuta George Reeves, Superman wa zamani wa televisheni, aliyekufa 1959. Wakamfufua Christopher Reeve, Superman wa filamu. Wakamfufua Adam West, Batman wa televisheni. Wakamweka Nicolas Cage, ambaye filamu yake ya Superman ilifutwa 1998 kabla haijapigwa! Aliyefutiwa filamu kapata nafasi, aliyekimbia miaka 9 hakupata. Mimi nasema wazi: nafasi ile ilikuwa ya Gustin, na anayebisha akaitazame tena dakika ile bila yule mpiga kelele.

Analia kama mtoto aliyenyimwa kabalagala. Mtu mzima kasema hivyo. Kwenye maikrofoni.

Kisiki

Kaka, umeandika kama mtu aliyenyimwa kabalagala.

DadaChipusi

😂😂😂 Mpeni mbili za moto atulie.

Fundi_Spika

Niache Gustin, niseme la sauti, maana kosa la huyu bwana si matusi peke yake. Tafsiri ya vijei inachanganywa na sauti ya filamu zikawa kitu kimoja. Ikishatoka hivyo, huwezi kuitoa. Akiongea juu ya maneno ya mama, maneno ya mama yamekwisha, hata ukinunua spika za milioni. Vijei anayejua kazi hufanya hivi: anaitazama sehemu nzima kwanza akiwa kimya, anaona wahusika wanapovuta pumzi, kisha anaingiza maneno yake kwenye nafasi zile. Anapoongea anashusha filamu, akinyamaza anairudisha polepole, si kwa kuikata. Na kwenye kilio ananyamaza. Kilio hakina lugha, kila mtu anakielewa.

Huyu wenu haishushi filamu. Anashindana nayo. Maikrofoni ameibandika mdomoni, kila "p" inapasuka kama tairi la boda. Kitambaa chepesi mbele ya maikrofoni, umbali wa kiganja kimoja, tatizo limekwisha. Hataki.

Mwendokasi_Arua

Fundi umesema kweli tupu. Sentensi za mama hakutafsiri HATA MOJA. Mama anamwambia kijana anafanana na baba mzazi wa huyo mama, vijei anacheka. Mtu asiyejua Kiingereza ameondoka pale akidhani mama alikuwa anaulizia kabalagala.

Mzee_wa_Malaba

Kijana, punguza moto. Matusi ni matusi, lakini hilo la nafasi ya filamu hulijui vizuri. Kipindi cha kwanza cha Gustin kilirushwa tarehe 7 Oktoba 2014. Studio ikatangaza Ezra Miller kuwa Flash wa filamu tarehe 15 Oktoba 2014. Siku 8! Hakuna aliyekaa akawapima wawili hawa. Gustin alikuwa bado hajalia kilio chochote, hicho cha mama kilirushwa Mei 2015.

Halafu kuna ratiba. Mfululizo wa televisheni ya Marekani wa vipindi 23 unakula karibu mwaka: wanaanza katikati ya mwaka, wanamaliza mwaka mwingine umeshafika mwezi wa nne. Wao walikuwa Vancouver, Kanada. Filamu ilipigwa Uingereza, Aprili hadi Oktoba 2021, na msimu wa 8 wa televisheni ulianza kurushwa Novemba mwaka huohuo. Mtu mmoja angekuwa pande zote mbili za bahari? Mwenye mbio za kweli ni yule wa katuni, si mwigizaji.

Mwendokasi_Arua

Shikamoo mzee. Ratiba naielewa. Lakini Batman wa televisheni, Adam West, alianza Januari 1966 na filamu yake ikatoka Julai 1966, wakaipiga katikati ya msimu wa 1 na wa 2. Wakitaka, nafasi inapatikana. Na mbona Ezra Miller alipata muda wa kuja kwenye televisheni kwa Gustin Januari 2020, wakasimama wawili uso kwa uso na mavazi yao? Wa filamu anakaribishwa kwenye televisheni kwa chai, wa televisheni akienda kwenye filamu anafungiwa geti. Hata sekunde 5 za kupita akikimbia, mzee! Hizo si miezi 6 Uingereza.

Na hata ratiba ikubane namna gani, huwezi kusema KABALAGALA mama anakata roho.

Mzee_wa_Malaba

Marahaba. Hizo sekunde 5 nakupa. Hapo walikosea.

Kisiki

Mimi filamu ile naiona nzuri, semeni mtakavyo. Ile ya kopo la nyanya ilinikamata. Barry anamwekea mamake kopo kwenye toroli la dukani ili baba asilazimike kutoka kwenda kulinunua, mama anapona, dunia inaharibika, mwishowe inabidi alitoe kopo kwa mkono wake. Ezra pale kaigiza.

DadaChipusi

Na watoto wachanga wanaoanguka kutoka hospitalini mwanzoni, vipi? Nyuso za mpira! Mmoja akatiwa kwenye maikrowevu! Mwongozaji alijitetea eti picha zimepindishwa makusudi, ndivyo Barry anavyoona akiwa mbioni. Wale watoto hata chupa za soda zina uso kuliko wao.

Mwendokasi_Arua

Kisiki, kopo la nyanya ni zuri, sikatai. Lakini kile kilio cha kumwacha mama afe Gustin alishakilia miaka 8 nyuma, kwa bajeti ya televisheni, bila kopo.

Mtoto_wa_Smallville

Nyinyi na Gustin wenu, njooni niwaonyeshe dhuluma yenyewe. Tom Welling, Superman kijana wa Smallville ya televisheni! Misimu 10, vipindi 217, 2001 hadi 2011. Akiwa bado kazini, 2006 wakatoa filamu ya Superman, wakampa Brandon Routh. Welling kasubiri miaka 10 mpaka picha ya mwisho kabisa ndipo akafungua shati tukaona ile S. Gustin angalau nguo alivaa tangu siku ya kwanza.

Mzee_wa_Malaba

Na Routh mwenyewe baada ya filamu ile moja aliishia wapi? Televisheni. Alicheza shujaa aitwaye Atom miaka kadhaa, kisha wakamrudishia nguo ya Superman hukohuko televisheni Desemba 2019. Kwa hiyo hilo la "saizi ya televisheni" halina kichwa wala miguu.

Mtoto_wa_Smallville

Na Tyler Hoechlin? Misimu 4 ya Superman na familia yake, imeisha 2024, filamu ya 2025 wakampa David Corenswet. Melissa Benoist vipindi 126 vya Supergirl, filamu kapewa Milly Alcock. Na huyo Milly tulimjulia wapi? TELEVISHENI! Akipanda joka!

Nyabo_wa_Jinja

Tofauti ni studio, wapendwa. Kwa Marvel mlango ulifunguka. Charlie Cox alicheza Daredevil, shujaa kipofu wa televisheni, vipindi 39, 2015 hadi 2018, wakamfutia. Desemba 2021 yuko kwenye filamu ya Spider-Man, amekaa mezani na fimbo yake, tofali linarushwa dirishani kutoka nyuma, anainua mkono analidaka bila kugeuka. Sekunde chache tu na watu kumbi nzima wakasimama. Hawakutafuta kipofu mpya. Walijua sauti ile na mkono ule watu wamezizoea.

Na sisi wa Uganda tuna wetu hamumtaji. Florence Kasumba kazaliwa hapa Kampala, 1976. Ayo, mlinzi wa mfalme wa Wakanda, kaanza kwenye filamu ya 2016, kaenda mfululizo wa televisheni 2021, karudi filamu 2022. Mtu yuleyule, mkuki uleule. Kichwa chake kilibadilika saizi?

Mwendokasi_Arua

Nyabo, Mungu akubariki. Hilo tofali ndilo ninalolisema! Sasa fikirini yule jamaa angekuwa juu ya hilo tofali. Angesema kadaka kabalagala.

Boda_wa_Wandegeya

Samahani kuingilia. Hiyo filamu ya Flash nataka kuiweka kwenye fleshi ya GB 32 lakini haikubali kuingia, inasema nafasi haitoshi na fleshi ni tupu. Mwenye duka ananiambia ninunue nyingine. Ni kweli?

Fundi_Spika

Usinunue. Faili lako lina ukubwa gani? Likizidi GB 4 na fleshi iko kwenye mfumo wa FAT32, haliingii hata fleshi iwe ya GB 500. Fanya hivi: toa kila kitu ulichonacho humo, weka kwenye kompyuta, maana hatua inayofuata inafuta vyote. Bofya fleshi kitufe cha kulia, chagua kuiumbiza upya, mahali palipoandikwa FAT32 weka exFAT, anza. Kisha nakili.

Lakini televisheni yako ikiwa ya zamani haitasoma exFAT, itakuambia hakuna kitu. Hapo rudisha FAT32, omba nakala ya 720 badala ya 1080, nyingi hazifiki GB 2. Na ukiona sauti inatoka, picha nyeusi, huenda video imebanwa kwa mtindo wa H.265 na televisheni haina uwezo nao. Omba la H.264.

Boda_wa_Wandegeya

Sauti inatoka, picha nyeusi! Ndiyo hiyohiyo niliyonayo kwenye fleshi nyingine! Webale ssebo.

Kisiki

Afadhali wewe una picha nyeusi. Kwenye kibanda cha huku kwetu filamu ikifika penyewe wanabadilisha, Arsenal anacheza. Hela hairudi.

DadaChipusi

Na umeme ukirudi wanaendelea mbele, si pale ulipokatikia! Nusu ya filamu za dunia hii sijui zilikwishaje.

Mwendokasi_Arua

Jamani, tunarudi kwenye mada? Mtu amemtukana Gustin mama akiwa anakufa.

Nyabo_wa_Jinja

Mada yenyewe imenitia njaa. Kabalagala zangu kila nikipika zinapasuka kikaangoni. Kosa liko wapi?

Mama_Ndizi

Ndizi zako hazijaiva, nyabo. Chukua zile ndogo tamu, ganda liwe limeshaanza madoa meusi. Zimenye, zikande kwa mkono mpaka ziwe uji mzito, USITIE MAJI hata tone. Vikombe viwili vya ndizi, anza na kikombe kimoja na nusu cha unga wa muhogo, ongeza kidogokidogo mpaka donge liache kushika vidole. Unga ukizidi, zikipoa zinakuwa mawe. Tandaza unene wa kidole kidogo, kata kwa mdomo wa glasi. Mafuta yawe ya moto wa kati: yakichemka sana sukari ya ndizi inaungua nje, ndani mbichi.

Mwendokasi_Arua

Dakika ya mwisho ya mama kwenye kipindi kile, jamani. Kidevu kinamcheza.

Nyabo_wa_Jinja

Asante Mama. Na pilipili mnatia? Kwa mama mkwe walikuwa wanatia kidogo.

Mama_Ndizi

Ukipenda. Ya unga, nusu kijiko cha chai, itie kwenye ndizi kabla ya unga.