Laptopu ya 30,000: nichukue mpya ya Celeron ama mtumba wa i5 halafu niongeze RAM?

Binti_Langoni
Asalaam aleikum nduzangu. Niko Lamu, nashughulikia bukingi za nyumba kadhaa za wageni kule Shela, yaani kutwa ni barua pepe, Excel, WhatsApp ya kompyuta, tabu za Chrome zimefunguka hadi sizioni majina, na picha za vyumba nazitengeneza kidogo mwanga na rangi kabla sijazipandisha. Laptopu niliyo nayo si yangu ni ya kazini na mwisho wa mwezi yarudishwa. Bajeti 30,000, nikijibana sana 31,000.

Nimepata tatu. Moja ni mpya kabisa kwenye boksi, duka moja Malindi, prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, diski 64GB, 27,500 na waranti ya mwaka. Nyengine ni HP EliteBook 840 G3, prosesa ya i5 ya kizazi cha sita, RAM 8GB, diski ya SSD 256, kuna kijana hapa Mkomani yuwaiuza 19,000. Ya tatu ni ThinkPad T480, i5 ya kizazi cha nane, 8GB na 256, 31,000, lakini iko Mombasa, hadi ipakiwe basi mpaka Mokowe ndo ivuke. Mamangu ashasema mtumba ni mtumba, chukua mpya. Semeni nanyi. Na hii kuongeza RAM ni lazima fundi ama naweza mwenyewe?

Fundi_Maweni
Waaleikum salaam dadangu. Hio mpya iwache hapo hapo dukani. Tatizo si Celeron peke yake japo hio N4020 ina koa (viini vya prosesa) mbili tu, tatizo ni kwamba mashine nyingi za namna hio RAM imechomelewa kwenye bodi na hio 64GB ni eMMC, diski ya namna ya chipu, nayo imechomelewa vilevile, hakuna cha kuchomoa wala kuchomeka, ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika. Halafu angalia, Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 kiwango cha chini kabisa ni RAM 4GB na diski 64GB, yaani umeuziwa kile kiwango cha chini kabisa, Windows ikikaa na apdeti zake zikishuka picha zako utaziweka wapi? Utaanza kuishi na fleshi.

T480 ina sloti mbili za RAM, aina ya DDR4, Lenovo wenyewe wanaipa mpaka 32GB. Hapo ndo pa kuweka pesa.

mkaa_Barani
Mimi nitakwenda kinyume na fundi, samahani. Waranti ni waranti. Binamu yangu alinunua mtumba mtandaoni, imeng'arishwa mashaallah waiona kama jana imetoka kiwandani, wiki chache skrini ikaanza mistari, muuzaji simu hashiki. Mpya ikiharibika wabadilishiwa. Huyu dada anategemea hio mashine kwa riziki, si mtu wa kuchezea skrubu.

Fundi_Maweni
@mkaa_Barani haya, lakini waranti hio itumike wapi? Kituo cha huduma si Lamu na Malindi sijakiona, itapelekwa Mombasa ama Nairobi na yeye atakaa bila mashine wageni wanauliza vyumba. Na waranti haikubadilishii mashine kwa sababu yaenda polepole, ukirudi ukisema yanikwama nikifungua tabu nane watakwambia mashine ni nzima. Na ni kweli, ni nzima, ndo ilivyo.

Yakhe_wa_Mkomani
Nami niko hapa hapa Amu na nafungua mashine za watu, ntaongeza ambalo hamjalisema. Hewa yetu. Juzi nimefungua EliteBook ya mwalimu mmoja, skrubu za chini zimeota kutu mbili zikagoma kabisa, mapezi ya shaba ya kupozea yamekuwa kijani na feni imejaa lile vumbi jeupe la chokaa la kuta zetu limechanganyika na unyevu limekuwa kama unga uliokandwa, haizunguki, yavuma tu. Mashine ilikuwa yajizima kila ikipata joto na mwenyewe ashaambiwa anunue bodi mpya. Nimesafisha, nikaweka pesti ya prosesa, yatembea mpaka leo.

Nasema hivi kwa sababu kwetu mashine inayofunguka kirahisi yashinda mashine mpya isiyofunguka. T480 kifuniko cha chini chote chatoka, RAM hio hapo, feni hio hapo. Na umeme wetu mwaujua, T480 ina betri mbili, ndogo ya ndani na nyengine ya nje unaichomoa kwa kusukuma vibati viwili tu, ya nje ikichoka wanunua nyengine huhitaji mtu.

Kuhusu RAM mwenyewe waweza. Ila mwanzo ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka (washa huku wabonyeza F1), nenda Config, kisha Power, uzime ile betri ya ndani, kuna neno Disable built-in battery. Zima, toa ya nje, toa chaja, ndo ufungue. Watu wanachomeka RAM na umeme wa ndani ungali watembea halafu wanalia.

Binti_Langoni
Ahsanteni sana. Sasa G3 je? 19,000 naona yaniachia pesa ya RAM na hata begi. Na huyu kijana ashaniwekea Windows 11 tayari, nimeiona kwa macho yangu.

dotcom_Watamu
Ameiweka kwa mlango wa nyuma huyo. Windows 11 kwa Intel yaanzia kizazi cha nane, toa vijichipu vichache sana vya kizazi cha saba, na G3 ni cha sita. Yawezekana kuikwepesha ule ukaguzi wa prosesa wakati wa kuiweka na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft hawakuahidi apdeti kwa mashine ya hivo na kila toleo kubwa likija itabidi mtu aikwepeshe tena. Kurudi Windows 10 nako msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wewe washika barua pepe za wageni na malipo yao, si mahali pa kubahatisha.

Ingekuwa ni ya mwanafunzi wa kuandika insha ningesema chukua G3 tia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, maisha yaendelee. G3 si mashine mbaya wallahi, ina sloti mbili za DDR4, ina nafasi ya M.2 (ya SSD ndogo bapa) na nafasi ya diski ya inchi 2.5 juu yake. Umri tu ndo umeifikia.

Ukipata 840 G5 ama Dell Latitude 7490 kwa bei ya karibu hizo pia ziangalie, nyingi ni kizazi cha nane na zote sloti mbili.

Fundi_Maweni
Na uangalie herufi! Ukiletewa T480s, hio s ni kitu chengine, nyembamba na nzuri lakini RAM moja imechomelewa na sloti ni moja tu. X280 yote imechomelewa. X1 Carbon vilevile, watu wanaipenda kwa wembamba wake, ukinunua ya 8GB utakufa nayo 8GB. Wauzaji wengine wanaandika "ThinkPad i5 8GB" basi, wewe uliza jina kamili.

RAM usinunue sasa hivi kwa haraka. Tangu mwisho wa 2025 bei imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinakimbilia chipu za kompyuta za AI, kijiti cha DDR4 cha 8GB tulichokuwa twakidharau sai kina maringo. Uliza kama hio 8GB ni kijiti kimoja ama viwili vya 4. Ikiwa kimoja sloti ya pili i wazi, utaongeza 8 siku ukijaaliwa na vikiwa viwili hata ile chipu ya picha ya Intel iliyo ndani ya prosesa inakuwa nyepesi zaidi. Ikiwa viwili vya 4 itabidi utoe kimoja. Huo ndo mwanya wako wa kushusha bei.

mkaa_Barani
Sawa nimeelewa mambo ya RAM lakini bado nauliza, atajuaje Mombasa kule mashine ni nzima kabla hajatuma pesa?

dotcom_Watamu
Swali zuri hilo. Apigiwe simu ya video mashine ikiwa imewaka, si picha. Muuzaji afungue Command Prompt aandike powercfg /batteryreport, litatoka faili, alifungue, pana Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa). Kama ya kwanza ni 24,000 na ya pili ni 13,000 hio betri karibu nusu yake ishakwenda, mwambie akutilie nyengine ama apunguze. Kisha azime awashe aingie BIOS, ikiulizwa paswadi na yeye hana, katia simu hapo hapo, hio ni ya kampuni fulani na hutaifungua. Na skrini! Kuna T480 zilikuja na skrini ya nukta 1366x768, ukitazama kwa pembeni rangi zageuka, kwa mtu wa picha hio ni balaa. Iwe 1920x1080.

Pesa ulipe ikishafika kwa mtu wako pale kituo cha basi akaiwasha, muuzaji akikataa kuna wengine.

Binti_Langoni
Nimempigia. Kijiti ni kimoja cha 8GB, BIOS haina paswadi, betri ya nje imebaki kama robo tatu, ya ndani imechoka. Skrini ni 1366 😩 nimemwambia nataka 1080, amesema anayo nyengine lakini kona ya kifuniko imepasuka kidogo, nimemshusha hadi 28,500. Kona siijali, wageni hawaioni. Ila chaja ameshika ndogo hivi ya Type-C, yafanana na ya simu yangu, yuwasema zote ni sawa. Kweli?

Yakhe_wa_Mkomani
T480 ni kweli yachajiwa kwa Type-C, lakini si kwa kila Type-C. Mwambie aigeuze chaja asome maandishi madogo kwa nyuma, yataka 20V na 3.25A, hio ni wati 65, ama ya wati 45 kwa uchache. Ikiwa yaishia 5V na 9V hio ni ya simu abaki nayo. Na ukiipata mashine apdeti firmwea (programu ya ndani) ya Thunderbolt, yaani ya lile tundu la Type-C, kutoka kwa Lenovo siku hio hio kabla hujaanza kazi, ThinkPad za miaka ile zilikuwa na hitilafu, tundu la kuchajia likifa kwa hilo ni bodi kufunguliwa.