Naomba ushauri: vitamini C na E pamoja na dawa ya mseto

Habari zenu wakuu. Niko Masasi. Jana mwanangu wa miaka 9 alipimwa zahanati, malaria ikaonekana, kapewa mseto (ALu) wa siku 3. Dozi ya pili nimeamka usiku kumpa, masaa 8 baada ya ile ya kwanza. Homa imeanza kushuka.

Shida ni shemeji. Kaleta kopo la vidonge vya vitamini C na E, eti "vinasafisha sumu" mtoto apone haraka. Mimi nasita. Ninavyoelewa, artemetha (moja ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto) ikikutana na madini ya chuma ndani ya vimelea huzalisha kemikali kali zinazowaunguza. Sasa vitamini hizi si ndizo zinazozima kemikali za namna hiyo? Tusije tukawakinga wadudu wenyewe!

Mabibo sijamkataza, msimu wenyewe ndio huu. Yana vitamini C tele, lakini ni tunda, si kidonge cha miligramu 1000. Mseto nampa na maziwa, maana mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini.

Wataalamu, nisubiri amalize dozi kwanza? Shemeji anarudi kesho asubuhi, na ni mbishi kweli.