Sina kazi, naona aibu kwenda jumuiya ya kanisani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Tangu nipunguzwe kazi sijatoa zaka wala mchango wa ujenzi, na sasa mtoto anatakiwa kupata sakramenti ya kipaimara, nasikia mwenye deni jumuiya haimpitishii barua. Jumamosi wakifika kwenye michango natamani ardhi ipasuke. Nifanyeje jamani?

mama_pacha: Milele amina. Pole dada. Mi mume alipougua nilijificha hivyohivyo, rozari nasali mwenyewe usiku, mpaka WAWATA (wanawake Wakatoliki) wa kigango wakanifuata na unga na mkaa na hakuna aliyetaja deni. Ukijifungia watajuaje?

katekista_mstaafu: Kanuni 848 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka wahitaji wasikose sakramenti sababu ya umaskini. Zaka ni wajibu ndiyo, ila sio tiketi. Muone paroko mwenyewe.

kijana_wa_kwaya: Paroko ataelewa tu, shida hawa viongozi wetu huku chini, wengine wanajifanya mgambo 😂

Muulizaji: Asanteni sana. Jumamosi naenda. Kwa paroko niende na mwenyekiti wa jumuiya au peke yangu?

katekista_mstaafu: Peke yako kwanza.