Tupeane uzoefu: presha ya bomba kuu ikishuka, mnazuiaje maji yasirudi nyuma?

Mwanzisha mada
Wakuu, bomba kuu likipasuka au likifungwa kwa matengenezo, linaweza kuanza kunyonya badala ya kusukuma. Mpira wa maji uliotumbukizwa kwenye ndoo ya sabuni au pipa la dawa ya mimea unapeleka uchafu huo kwenye koki za jikoni, hata kwa jirani. Njia ya pili ni tangi la juu au pampu kuzidi nguvu ya bomba kuu. Mita 10 za kimo ni karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo tangi la mita 6 linasukuma bar 0.6. Mtandao ukishuka chini ya hapo na njia iko wazi, maji yanarudi. Mnafunga nini, na wapi?

Mzee wa Matangi
Kwanza kabisa nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na maji ya tangi, maana hewa haichakai wala haikwami. Mdomo wa bomba ukae juu ya usawa wa kufurikia kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake, na isipungue mm 25. Mdomo wa mm 15 unataka mm 30. Kagueni boya (koki ya tangi inayojifunga maji yakijaa): wengi huongeza kipande cha bomba chini yake ili maji yasipige kelele. Kipande kile kikizama, tangi zima linaweza kunyonywa. Kikateni. Ukiona mita inazunguka kinyumenyume wakati maji yamekatika, anzia hapo.

FundiMabomba
Chekivalvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) ikae baada ya mita na stopkoki (koki kuu ya kufungia), mshale ukielekea nyumbani, yunioni pande zote mbili ili ifunguke kwa usafi. Ya kilango ilazwe, au isimame maji yakipanda. Ukiisimamisha maji yakishuka, kilango kinaning'inia wazi na haizuii kitu. Ya springi hukaa vyovyote, ila inakula presha kidogo.

Kabla ya kuifunga, fungulia maji yasafishe bomba. Chembe moja ya mchanga au kipande cha tepu ya nyuzi kikinasa kwenye kiti chake, inavuja.

Weka pia koki ndogo ya kupimia kati ya stopkoki na chekivalvu. Mabomba ya ndani yakiwa yamejaa, funga stopkoki, fungua hiyo koki. Maji ya kile kipande yatoke kisha yakome. Yakiendelea kutiririka na stopkoki imeshika vizuri, yanatoka ndani ya nyumba: chekivalvu haishiki.

Koki_Nusu
Mkuu, hapo ongeza hita, wengi wanaisahau. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu lita 1.5. Zamani ziada hiyo ilirudi bomba kuu. Chekivalvu imeifungia ndani, presha inapanda kila hita ikiwaka na valvu ya usalama inadondosha maji. Dawa ni tangi la kutanukia (linalopokea ziada hiyo) kwenye njia ya baridi, kati ya chekivalvu na hita. Na tafadhali sana, msiweke koki yoyote kati ya hita na valvu ya usalama, hita inaweza kulipuka.

Mzee wa Matangi
Kisima na bomba kuu visiunganishwe kwa geti valvu eti "itakaa imefungwa". Kila chanzo kimwage kwenye tangi kwa mdomo wake. Pampu nayo ivute kutoka tangi la chini, kamwe si bomba kuu moja kwa moja: inashusha presha ya mtaa na kuvuta tope kupitia viungo vinavyovuja.

FundiMabomba
Koki ya bustani, zungushia kile kifaa kidogo kinachoingiza hewa presha ikishuka. Usiache koki wazi huku bastola ya mpira (ile ya kunyunyizia mwishoni) imefungwa. Hakikutengenezwa kukaa na presha zaidi ya saa 12 mfululizo.

Maji ya bomba kuu yakianza kutoka tena baada ya kukatika, hita ibaki imezimwa. Toa chujio la koki ya baridi iliyo chini kabisa, fungua taratibu, acha hewa na kutu vitoke mpaka maji yawe safi, ndipo ufungue upande wa moto. Hita iwashwe koki ya moto ikitoa maji mfululizo bila kukoroma.